Kanisa la udongo, mwaka mzima: jinsi ya kulipiga picha kiangazi hadi mvua

Kanisa ninalolifuata mimi liko nje ya mji wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, upande wa Vurra. Matofali yake ni mabichi, hayakuona moto. Yalifyatuliwa kwa udongo wa palepale, na ukizunguka nyuma utaliona shimo ulikochimbwa, siku hizi limejaa maji na vyura. Kengele ni rimu la lori lililoning'inizwa kwenye mwembe. Nililipiga picha mara ya kwanza mwezi wa Januari, nikaridhika, nikadhani kazi imekwisha. Niliporudi Septemba nilisimama kwanza bila hata kufungua begi. Ukuta uliokuwa laini kama chungu kipya ulikuwa umeliwa chini kama mhindi uliotafunwa na ng'ombe, nyasi zilinifika kiunoni, na rangi ilikuwa imetoka kwenye hudhurungi iliyopauka ikawa nyekundu ya damu ya mzee. Picha ya Januari haikuwa ya uongo. Ila ilikuwa habari ya Januari tu.

Tangu hapo nimejifunza kwamba nyumba ya udongo haipigwi picha mara moja. Maji huibomoa, mikono huirudisha, na picha nzuri ni zile zinazoonyesha mvutano huo. Haya ndiyo ninayofanya, yawe na manufaa kwa mwenye kamera au mwenye simu tu.

Ujue kwanza mwaka wa mahali pako

Vitabu vingi vya kupiga picha vimeandikwa kwa watu wenye theluji na majani yanayodondoka. Sisi tuna mvua na vumbi. Kusini mwa Uganda, pale Masaka, Kampala au Jinja, mvua ni mara mbili: Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Huku West Nile na kaskazini kwa jumla, mvua ni ndefu, kuanzia mwezi wa nne hadi wa kumi au wa kumi na moja, ikipungua kidogo katikati na kuzidi kuanzia Agosti. Halafu kuanzia Desemba hadi Machi ni kiangazi kikavu, nyasi zinachomwa, anga linakuwa jeupe kwa vumbi na moshi.

Mimi nimeugawa mwaka wangu kwa ziara nane: mwisho wa Desemba, mwanzo wa Februari, tarehe 21 Machi, mwisho wa Aprili, tarehe 21 Juni, katikati ya Agosti, tarehe 23 Septemba na mwanzo wa Novemba. Ukishindwa nane, fanya nne: Desemba, Machi, Juni na Septemba. Kwa nini hizo nne? Kwa sababu ya jua.

Jua huhama ukuta

Hapa ndipo wapiga picha wengi wa kwetu tunapopitwa. Tunaambiwa kwamba karibu na Ikweta jua ni lile lile mwaka mzima. Si kweli. Joto halibadiliki sana, lakini njia ya jua inabadilika mno. Arua iko kama digrii 3 kaskazini mwa Ikweta. Desemba jua la mchana linapita upande wa kusini wa paa. Juni linapita upande wa kaskazini. Maana yake ukuta wa kusini wa kanisa unapata jua Desemba kuanzia asubuhi hadi jioni, na Juni hauoni hata mwali mmoja wakati ukuta wa kaskazini unang'aa. Ukienda mara moja tu kwa mwaka, upande mmoja wa jengo utauona kivulini siku zote, nawe utasema ukuta ule hauna sura.

Mwishoni mwa Machi na katikati ya Septemba jua la mchana linapita juu ya utosi kabisa. Nguzo inabaki bila kivuli. Wakati huo kuta zote mbili ndefu hukosa jua la kutosha saa za mchana, na heri ukale. Lakini jioni ya siku zile jua linatua karibu magharibi kamili, na kama mlango wa kanisa lako unatazama magharibi, mwanga unaingia kama mgeni aliyealikwa, unapita katikati ya mabenchi hadi kwenye madhabahu. Jambo hili hudumu siku chache tu kila upande wa tarehe 21 Machi na 23 Septemba. Mimi mara ya kwanza nililiona kwa bahati, nikiwa nimeshafunga kamera, nikaanza kufungua zipu kwa mikono inayotetemeka. Mwaka uliofuata nilifika saa kumi na moja nikangoja nimekaa.

Mengi ya makanisa ya zamani yalijengwa madhabahu yakiwa mashariki. Vijijini, hata hivyo, jengo mara nyingi limefuata njia au mteremko, kwa hiyo usikisie. Toa dira ya simu, pima ukuta mrefu unaelekea wapi. Simama mita kadhaa mbali na jengo, maana mabati na nondo huidanganya dira.

Jambo jingine ni saa. Uganda nzima inafuata saa ya Afrika Mashariki, lakini Arua tuko mbali sana magharibi mwa eneo hilo. Kwa hiyo saa sita ya mkononi si saa sita ya jua: huku jua linafika kileleni karibu saa saba mchana. Macheo huwa kati ya saa kumi na mbili na dakika 40 mwanzoni mwa Novemba, na saa moja na dakika kama kumi mwezi wa Februari. Machweo nayo hucheza kwa tofauti hiyohiyo. Nusu saa si kitu ukiwa nyumbani, lakini ukiwa umetoka na boda gizani kuuwahi mwanga wa kwanza, nusu saa ni baridi na mbu.

Na ule mwanga wa kwanza ndio wa kutafuta. Desemba, kama ukuta mrefu umelala mashariki-magharibi, jua linapochomoza linaupiga wa kusini kwa ubavu, kama digrii 23 tu kutoka usawa wa ukuta. Kila alama ya vidole vya aliyesiriba inaonekana, kila unyasi uliokandwa na udongo unatupa kivuli chake. Baada ya saa tatu asubuhi mwanga huo umekwisha. Mchana tatizo ni paa: likiwa limetoka nje sentimita 60, kivuli chake kwenye ukuta wa kusini saa saba mchana wa Desemba kinashuka kama sentimita 120. Nusu ya ukuta ni giza, nusu inaunguza macho.

Ruhusa, na salamu kabla ya ruhusa

Usianze na kamera. Fika siku moja bila kitu shingoni, ukae kwenye ibada, usalimie. Mimi Kilugbara changu ni cha kuombea maji, lakini ukisema "mi ngoni" kabla ya Kiswahili, mzee anacheka na mkeka unatandikwa. Katika vijiji hivi padri au mchungaji hufika kwa zamu. Mwenye kanisa wa kila siku ni katekista. Mweleze unataka kuja mara nane kwa mwaka mzima, na umweleze picha zitaenda wapi. Kisha mwende pamoja kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Hili usiliruke. Mtu anayezunguka jengo alfajiri na fimbo ya kupimia yenye mistari anafanana sana na mtu anayepima ardhi aiuze, na kwetu ardhi ni jambo la mapanga.

Ukitaka kupiga picha kanisa lililo ndani ya makazi ya wakimbizi, mfano Rhino Camp au Bidibidi ambako makanisa ya matofali mabichi ni mengi, kibali kinatoka Ofisi ya Waziri Mkuu. Droni nayo inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na karibu na mpaka wa Congo sikushauri hata uitoe kwenye boksi. Sijawahi kuikosa. Kanisa hili urefu wake ni wa mtu aliyepanda ngazi, na ngazi ipo.

Vifaa: vichache

Simu yenye kamera ya wastani inatosha kwa kazi nzima isipokuwa picha za ndani kwenye giza. Kwa simu, tumia lenzi kuu, yaani alama ya 1x, usitumie ile pana, kwa sababu inapinda kuta na mwaka ujao hutajua ukuta umepinda au ni lenzi. Zima urembo wowote wa kiotomatiki. Washa mistari ya gridi. Mwenye kamera yenye lenzi za kubadilisha achague moja, mimi natumia ya milimita 35, abaki nayo mwaka mzima.

Ongeza stendi ya miguu mitatu, kamba, karatasi nyeupe ya A4, na fimbo ya mita moja iliyopakwa rangi nyeusi na nyeupe kila sentimita 10. Fimbo hiyo unaisimamisha mguuni mwa ukuta katika picha moja ya kila upande. Bila fimbo utasema "ukuta umeliwa sana". Ukiwa nayo utasema umeliwa sentimita 15 kutoka Aprili hadi Novemba, na mzee wa kanisa atakusikiliza.

Kitambaa, brashi laini, mifuko ya plastiki. Basi.

Weka alama ya kusimama

Hii ndiyo hatua inayotenganisha picha nyingi za kanisa na mwaka mmoja wa kanisa. Lazima urudi kusimama palepale. Chagua sehemu tano: moja mbele ya mlango, moja kwa kila ukuta mrefu, moja kwenye kona ambako unaona kuta mbili pamoja na mwembe, na moja mbali kidogo, barabarani, ambako kanisa ni dogo na anga ni kubwa. Hiyo ya mbali wengi huiacha, na ndiyo inayoonyesha majira kuliko zote: mahindi yanapanda hadi madirishani, yanavunwa, moto unapita, kanisa linabaki peke yake kwenye weusi, kisha kijani kinarudi.

Nilipoanza nilipigilia vipande vya nondo ardhini. Niliporudi ziara ya pili havikuwepo hata kimoja. Wanunuzi wa vyuma chakavu hawachagui. Sasa najaza zege kwenye makopo ya maziwa ya unga, nayafukia hadi mdomoni, na juu yake nachora mshale kwa msumari kabla zege halijakauka. Hayana bei sokoni, ng'ombe hawayang'oi. Kila alama nimeiandikia kwenye daftari: umbali hadi ukutani, urefu wa kamera kutoka ardhini (mimi mita 1.5, nimefunga fundo kwenye kamba), na kitu gani kinakaa katikati ya picha. Ukifika, fungua picha ya ziara iliyopita kwenye simu, ilinganishe na unachokiona: ncha ya paa iguse tawi lile lile, pembe ya dirisha ikae kwenye mstari ule ule wa gridi.

Halafu ujue kwamba kijiji hakikungoji. Mwaka wa pili tawi langu la kulinganishia lilikatwa kuni. Kwa hiyo chagua alama mbili zilizo kwenye jengo lenyewe, usitegemee mti.

Mpangilio wa kamera kwa ukuta mwekundu

Kamera ikiachwa ijiamulie rangi, huuona wekundu kama kosa na kuusafisha. Unapata ukuta wa rangi ya biskuti. Weka mizani ya rangi kwenye alama ya jua, au kama simu yako inakubali kuandika namba, weka 5200 au 5500, uiache hapo mwaka mzima, hata siku ya mawingu. Piga fremu ya kwanza ya kila ziara ukiwa umeshika ile karatasi nyeupe mbele ya ukuta. Ukirudi nyumbani itakuonyesha rangi imeegemea wapi.

Adui wa pili ni bati. Kanisa likiwa na bati jipya, mwanga unaoruka pale juu unaweza kuwa maradufu mara nyingi kuliko wa ukutani. Kwenye simu, bonyeza kidole kwenye skrini pale ukuta ulipo mpaka alama ya kufuli ijitokeze, kisha shusha mwanga kidogo mpaka mistari ya bati ianze kuonekana. Kwenye kamera, anza na tundu la lenzi la f/8, ISO 100 (yaani kiasi kamera inavyohisi mwanga), na upunguze mwanga kwa theluthi mbili za hatua. Giza la ukuta utalifufua baadaye. Bati lililoungua limeungua. Kama unaweza kuhifadhi faili ghafi, hifadhi. Paa la nyasi kwa upande wake ni pole, huhitaji hesabu hizi.

Kiangazi: Desemba hadi Machi

Huu ndio msimu wa mikono. Nyasi za kuezekea hukatwa kabla moto haujapita, zinafungwa matita, na paa linarudishiwa kabla ya mvua. Kuta zinasiribwa. Kwenye kanisa hili akina mama hufanya kazi hiyo wiki mbili kabla ya Krismasi: udongo wa kichuguu, maji, kinyesi cha ng'ombe, na unakandwa kwa miguu. Udongo wa kichuguu unapendwa kwa sababu mchwa wameshausaga ukawa laini na wa kushikana. Kinyesi kina nyuzi ndogo za majani zinazozuia nyufa. Piga picha mkono, si uso tu. Piga mpaka wa pale ukuta mbichi unapokutana na mkavu: rangi mbili, na baada ya saa chache mpaka huo unapotea mbele ya macho yako. Simama alama ileile, piga kila baada ya dakika kumi. Huhitaji chochote kingine siku hiyo.

Mchana wa Januari na Februari anga huwa jeupe. Wageni wanalalamika, mimi naupenda ukungu ule wa vumbi kwa sababu jua linalainika, linatua jekundu, na unaweza kulipiga picha dakika za mwisho likiwa nyuma ya msalaba wa paa. Anga lenyewe lakini halina kitu, basi lipe nafasi ndogo. Shusha kamera, jaza ukuta na ardhi.

Krismasi ni vumbi la miguu. Watu hutoka kwenye ibada wakiimba, adungu (vinubi vya huku) tatu nne mbele, ngoma nyuma, na vumbi linapanda hadi magotini. Simama upande wenye jua mbele yako ili vumbi liwake. Hapo ndipo napofunga lenzi moja bila kuibadilisha, maana vumbi jekundu likishaingia ndani ya kamera linakaa kama mpangaji asiyelipa kodi.

Mvua za kwanza: Aprili

Fika ndani ya siku mbili baada ya mvua ya kwanza kubwa. Ukuta mkavu ukinyeshewa haulowi sawasawa. Sehemu zilizozibwa majuzi zinakunywa maji kwa namna yake, za zamani kwa namna yake, na ghafla historia yote ya ukarabati inajichora: hapa palikuwa dirisha likazibwa, pale kona iliwahi kuanguka. Kwa siku kama mbili ukuta unasomeka, kisha unakauka na kufunga mdomo. Wakati huohuo kumbikumbi wanatoka jioni, watoto wanawakimbilia na mabeseni, na maembe yanaanza kuanguka kwenye paa. Jumapili ya Matawi hukaribiana na siku hizo, miaka mingine. Sihitaji kukueleza zaidi.

Mvua nzito: Agosti hadi Oktoba

Sasa angalia chini. Maji yanayomaliza ukuta wa udongo si yale yanayoupiga usoni. Ni yale yanayodondoka kutoka pindo la paa, yanapiga ardhi, yanaruka na kuupiga mguu wa ukuta, tone baada ya tone. Ndiyo maana ukuta unaliwa sentimita 30 za chini huku juu ukiwa mzima. Unyevu nao hupanda kutoka ardhini kama mafuta kwenye utambi, na unapokauka unaacha ukingo mweupe wa chumvi. Piga picha za karibu za mambo hayo mawili kila ziara, fimbo ikiwa imesimama, mwanga ukitoka ubavuni.

Utakuta makanisa yaliyopigwa plasta ya saruji juu ya tofali bichi. Kwa macho ni safi. Lakini saruji haipumui kama udongo: maji yakishaingia kwa ufa hayatoki, tofali linageuka uji nyuma ya plasta, na siku moja kipande cha ukubwa wa mlango kinaanguka chote. Ukiona nyufa za plasta, zifuate ziara hadi ziara kwa picha ya karibu.

Nani asiyejua jinsi majengo yanavyokufa hapa Uganda? Pale Namirembe, Kampala, kanisa moja liliangushwa na dhoruba mwaka 1894, lililofuata likaliwa na mchwa, jingine likaungua kwa radi mwaka 1910, na lile la matofali ya kuchoma linaloonekana leo likakamilika mwaka 1919. Dhoruba, mchwa, radi. Vijijini kwetu orodha ni hiyohiyo, bado inaendelea.

Kwa uzuri, saa ya kungoja ni baada ya mvua ya alasiri, kama mawingu yamefunguka magharibi. Jua la saa kumi na moja linapita chini ya wingu, ukuta uliolowa unawaka, na nyuma yake mashariki anga ni la rangi ya bunduki. Upinde wa mvua, ukitokea, utakuwa upande ulio kinyume na jua, kwa hiyo jioni utazame mashariki: chukua alama yako ya upande wa mlango. Yote hayo yanadumu dakika tano, pengine kumi. Kamera iwe imeshawekwa.

Radi sasa, na hapa sitanii. Novemba 2024 radi iliua watu 14 katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilaya ya Lamwo, walipokuwa wamekusanyika kwa ibada. Hesabu sekunde kati ya mwako na mngurumo. Zikipungua 30, kunja stendi. Usikimbilie chini ya mwembe. Usimame mbali na kuta na mabati. Kama kuna gari lililofungwa, ingia humo. Ngoja nusu saa baada ya mngurumo wa mwisho. Hakuna picha ya wingu niliyoipiga inayolingana na hofu niliyoipata siku moja nikiwa nimeshika stendi ya chuma katikati ya uwanja, nywele za mkono zimesimama.

Novemba: mavuno

Nyasi zimekomaa, ni za dhahabu, ufuta na karanga vinaanikwa hadi kwenye ngazi za kanisa. Sadaka ya mavuno huletwa kwa vikapu na kuku. Ni msimu rahisi kuliko yote na picha zake zinajipiga zenyewe, kwa hiyo ujihadhari: utarudi na picha 400 zinazofanana. Piga tano za alama, kumi za watu, uende ukale.

Ndani

Madirisha ya kanisa la udongo ni madogo kwa sababu tofali bichi haliwezi kubeba uzito juu ya uwazi mkubwa. Ndani ni giza na mistari ya mwanga. Weka kamera kwenye stendi, ISO 200, f/8, na uache shata wazi sekunde moja au mbili, kwa kipima muda cha sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise. Piga fremu moja kwa ajili ya dirisha na moja kwa ajili ya giza, kisha uamue nyumbani. Mimi mara nyingi naiacha ile ya dirisha na giza libaki giza. Ndivyo macho yalivyoona.

Usiwashe flashi. Ukuta wa udongo ukipigwa mwanga wa usoni unakuwa kadibodi. Na wakati wa kugeuza mkate na divai, weka kamera chini kabisa, hata kama hakuna aliyekukataza.

Watu

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka ridhaa, na kwa mtoto ridhaa ni ya mzazi au mlezi. Kijijini hili linafanyika kwa mdomo, mbele ya katekista, na jina linaandikwa daftarini. Muulize mama mwenyewe, usimwulize mume wake. Akisema "subiri nibadilishe nguo", subiri. Utakuwa umepoteza mwanga na umepata mtu atakayekungoja ziara ijayo.

Kuhifadhi, kuchapisha

Jina la kila faili lianze na mwaka, mwezi na siku, kisha herufi ya alama: 2025-09-23-B. Ukipanga kwa tarehe unapata mwaka, ukipanga kwa alama unapata ukuta mmoja ukizeeka. Weka nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje inayokaa nyumba nyingine, na mtandaoni. Mimi nilipoteza ziara nzima ya Juni kwa memori kadi ya bei nafuu niliyonunua stendi ya basi, na Juni ile hairudi. Kwenye mfululizo wangu wa mwaka huo ukuta wa kaskazini haupo juani.

Mwisho wa mwaka chapisha nane za alama moja, saizi ya sentimita 10 kwa 15, uzibandike mstari mmoja kwenye ubao, na upeleke nakala kanisani. Zisikae kwenye albamu ya karatasi sakafuni, mchwa watamaliza kabla ya Pasaka. Nunua sanduku la bati. Mwaka jana nilimpa katekista ubao wa kona ya kusini-magharibi. Alizivaa miwani, akapitisha kidole kutoka picha ya kwanza hadi ya nane, akarudi kwenye ya sita, ile ya Agosti. Akaita vijana wawili, akawaambia waende na toroli kwenye kichuguu kilicho nyuma ya shule. Nilikuwa nimekuja kuaga. Nikatoa kamera tena.